Shaba Nyeupe ya Mzee Badru

Raudha, saa 4:10 asubuhi Mudathir kafungua chupa ya mkwewe, Mzee Badru. Ile aliyoiziba kwa nta mwaka 1991 aliporudi nayo kutoka volkano za Urusi.

"Baba, shaba gani nyeupe?" Mudathir alikuwa kamuuliza.

Nta yote kaikwangua. Kafungua, Raudha. Kafungua.

Madini meupe ya shaba yaliyokuwemo huota kwenye matundu ya moshi wa volkano, palipo pakavu. Yakipata unyevu hugeuka madini mengine, yenye ile buluu ya shaba, na unyevu wa Mikocheni unaujua.

Saa nane yakawa ya buluu.

"Kumbe kweli shaba," Mudathir akasema. "Nisamehe baba, miaka yote nilikubishia."

"Sasa umeamini. Na mtu wa chuo kikuu anakuja saa tisa. Aliomba ile nyeupe."

Mzee akachukua kalamu, akakata jina la yale madini meupe kwenye lebo ya chupa.