Mkono Wangu Si Haba

Jumatatu, 4 Machi
Bado naandika kwa kushoto. Mwandiko kama kuku kaparura. Leo mtaalamu wa mazoezi kaniambia niinue mkono wa kulia, huu uliolala tangu kiharusi. Ukainuka — wenyewe! — mpaka usawa wa bega. Akasema, "Fair." Neno hilo nimerudi nalo nyumbani nimelibeba kama yai.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza binti yangu, maana yeye ni mwalimu wa Kiingereza. Akasitasita. Eti huwaandikia hivyo wanafunzi wasiofeli wala kung'ara: wastani, bora liende. Nikanyong'onyea. Mzee wangu, ambaye siku hizi ndiye mpishi, akadakia: basi mapishi yake yote ni "fair", mbona tumenenepa? Tumecheka mpaka mate yakanipalia. Namshukuru Mungu kwa mume huyu, hata kwa chumvi yake.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemkabili mtaalamu. Nimekukosea nini, mwanangu, unipe neno la bora liende? Akashangaa. Akanieleza kwamba kwao misuli ina madaraja. Mwanzoni wangu ulikuwa sifuri. Baadaye ukawa unashtukashtuka tu. "Fair" ni pale mkono unapoweza kuubeba uzito wake bila kushikwa na mtu. Kujibeba! Nimelia palepale, wala sikuona haya. Mbona sisi tukiulizwa hali hujibu "si haba", na hakuna anayedhani tumefeli? Nimempigia binti kumwambia neno lake nimelipatia Kiswahili. Akasema ana rundo la madaftari ya kusahihisha, na yupo mmoja mle anastahili "si haba".

Ijumaa, 8 Machi
Kaja fundi mwenzangu wa duka la ushonaji. Muda wote huu amekataa mtu asiguse cherehani yangu — wema huu nitaulipa na nini? Lakini mwenye duka kachoka kusubiri. Anataka kesho nikate gauni la mteja mbele yake. Nikishindwa, kiti changu anapewa mwingine. Naogopa. Nimejaribu kukata gazeti kwa mkono wa kulia, kwa mkasi wa jikoni. Mstari umepinda kidogo. Kidogo tu!

Jumamosi, 9 Machi
Niko dukani. Nimekata! Polepole, jasho linanitoka, lakini nimekata mwenyewe. Kwapa moja limekwenda upande. Fundi mwenzangu kaninong'oneza kwamba mshono utalisitiri. Kashona yeye, Mungu ambariki. Sasa mteja yuko nyuma ya pazia, analijaribu. Mwenye duka kafunga mikono kifuani. Mzee wangu kakaa mlangoni na chupa ya chai, anajifanya anatazama magari. Kanimiminia kikombe, ndicho nilichoshika kwa kushoto, na naandika ili moyo utulie —

Kwa kushoto nimeshika kikombe!

Basi kalamu iko kulia. Tangu mstari wa kwanza wa leo. Herufi zinapanda na kushuka, lakini zinasomeka. Mzee wangu bado hajaona. Nataka kumwita, lakini pazia linasogea.

Mteja katoka. Anajigeuza mbele ya kioo, anainua mkono, anachungulia kwapa. Mwenye duka anamuuliza, vipi? Mteja anavuta pumzi, kisha anatabasamu: "Si haba!"