Kisu cha Mkono Mmoja

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo huko ughaibuni uliko? Na ule mguu uliokuwa unawaka moto umetulia? Mimi mzima, ukiacha mkono. Huu mwandiko usikushtue, si kuku aliyekanyaga wino, ni mimi dada yako. Ule ugonjwa wa kupooza ulinipitia mwezi uliopita. Mdomo uliuruka, Mungu mkubwa, ingawa jirani zangu wanasema ungeanzia hapo wangepumzika. Umenichukulia mkono tu, ule wangu wa kazi. Umelala fofofo, haushiki hata kijiko.

Sasa sikia shida. Kibandani bado nauza kamba na maturubai. Kamba naikanyaga kwa mguu, nakata kwa mkono uliobaki, hapo sina neno. Shida ni kisu. Ni kile cha kukunja cha marehemu shemeji yako, chenye kijimfereji cha kutia kucha. Mkono mmoja ushike mpini, mwingine uchokonoe. Na kisu cha wazi hapa hakitakiwi, tangu wauza vitunguu wawili walipotishiana. Askari wa soko akikikuta mezani hakijakunjwa anakibeba. Nimejaribu meno, lakini yamebaki machache, nayaheshimu.

Kwa hiyo akija mteja napiga kelele, "Fundi!" Fundi viatu wa jirani anakuja na gundi vidoleni, ananifungulia, anakaa kidogo, tunawasema watu, anarudi kwake. Basi juzi mwanangu kaja kaniona. Akaanza, "Mama, mtu mzima unafunguliwa kisu kama mtoto anayemenyewa ndizi? Mwisho wa Mei nikikuta bado ni hivi, nakuchukua ukakae kwangu."

Kwake unakujua wewe? Kuna geti, na asubuhi wote wanaondoka na funguo zao. Nitapiga umbeya na friji? Friji haina siri ya mtu.

Wewe unakata maboksi mchana kutwa kwenye hiyo stoo. Huko wanafunguaje visu kwa mkono mmoja? Nitafutie, mdogo wangu. Nikitolewa hapa sokoni nimekwisha.

Dada yako

*

Tarehe 28 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole sana. Barua yako nimeisoma nimesimama koridoni, koti sijavua. Mguu haujambo.

Visu vipo vya namna nyingi. Kuna chenye kinundu ubavuni mwa makali, unakisukuma kwa gumba. Kuna chenye tundu kwenye makali, gumba linakaa humo, unazungusha polepole, kimya kabisa. Ndicho changu. Halafu kuna chenye mkia: kipembe cha chuma kimetokeza nyuma ya mpini, unakibonyeza kwa kidole cha shahada, makali yanaruka yenyewe. Cha kitufe na springi nimekiacha, posta hawakipokei.

Niliwauliza wenzangu wakati wa chai. Dada, nina miaka hapa, nakunywa chai yangu naangalia ukuta. Siku hiyo meza nzima ilinigeukia. Dereva wa foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, anaapa kwa mkia. Msimamizi akamwambia mkia ni mchezo wa watoto, mtu mzima anatumia kinundu. Waligombana mpaka kengele ikalia.

Nimekutumia cha kinundu, ndicho imara. Wewe ni shoto tangu utoto, kwa hiyo uliolala ni wa kushoto, nikachagua cha mkono wa kulia. Kufungua si kazi, kazi ni kukunja. Sogeza kile kibati cha ndani kinachozuia makali yasijikunje, kisha egemeza mgongo wa makali pajani. Mgongo, dada, si makali.

Mdogo wako

*

Tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za chai na ukuta? Mimi nipo, nacheka peke yangu, majirani wanadhani ugonjwa umepanda kichwani.

Kisu kimefika, kizuri, kinang'aa kama bwana harusi. Lakini umekosea mkono! Shoto nilikuwa kwa mama. Nilipoolewa, mama mkwe alisema hali chakula kilichopakuliwa kwa mkono wa kushoto, basi nikajifunza upya, kupika, kufagia, kukata, kila kitu kwa kulia. Miaka yote hii mkono wangu wa kazi ni wa kulia, na ndio uliolala. Hukujua? Ungejuaje, harusi yangu wewe ulishaondoka.

Sasa huu wa kushoto ndio umeamshwa kazini bila taarifa, kama mzee aliyestaafu akaitwa arudi ofisini. Kinundu kipo upande ambao gumba langu halifiki. Nimekigeuza, nimekipindua, nimekibana magotini, kikanichomoka kikaingia kwenye ndoo ya muuza maharage. Akasema, "Mama Kamba, kitoweo hiki sikukiagiza!"

Fundi anazidi kunifungulia. Lakini mwanangu kapiga simu, eti ameshanunua kitanda cha kwangu. Kitanda! Mei si mbali. Fanya haraka.

Dada yako

*

Tarehe 9 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Nimechelewa siku chache kujibu. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona wewe unakula kwa kulia, na siwezi kukuona vizuri. Nilidhani kuhusu wewe najua kila kitu, kumbe nakujua ukiwa bado kwa mama.

Nimewaeleza mezani kosa langu. Msimamizi akatikisa kichwa: "Ndugu yako wa damu, hujui mkono wake?"

Natuma viwili, vyote vinakubali mkono wowote. Cha tundu nimekununulia mimi. Cha mkia kimetoka kwa dereva wa foklifti, amekitoa mfukoni mwake na hataki shukrani, anataka hukumu. Meza nzima inasubiri useme kipi ni bora. Kila chai wananiuliza, "Dada kasemaje?"

Mdogo wako

*

Tarehe 17 Julai

Mdogo wangu,

U hali gani, na meza yako yote? Wasalimie mmoja mmoja, hasa huyo wa foklifti. Muulize kama ana mke, si kwa ajili yangu, nauliza tu.

Mzigo ulifika mwanangu akiwa njiani kuja kunichukua. Kafika na gari la kubebea vitu. Mimi nimekaa, nimejipaka mafuta, nikamwambia, "Subiri nimhudumie mteja." Nikakanyaga kamba, nikatoa cha mkia. Tak! Nikakata, nikakikunja pajani, nikakiweka. Mwanangu akasogea karibu. Akasema, "Mama, rudia." Nikarudia. Soko zima lilipiga makofi, hata yule askari. Kitanda amempa shemeji yake.

Kwa hiyo nimebaki. Ndicho nilichotaka, siwezi kulalamika.

Ila fundi viatu haji tena. Nikimwita ananiinulia dole gumba kutoka kwake: "Umepona, Mama Kamba, endelea!" Na muuza maharage, aliyekuwa ananishikia mfuko, naye hivyo hivyo. Wote wamenifurahia, wamerudi kwenye kazi zao. Kuna siku nafunga kibanda nikagundua niliyeongea naye siku nzima ni mteja wa turubai tu, na yeye alikuwa kwenye simu.

Haya, hukumu. Cha tundu ni kizuri, hakisumbui kidole, kinafunguka taratibu kama mtu mwenye adabu. Lakini hakina sauti. Waambie mkia umeshinda, msimamizi anune. Na wewe mwenyewe nunua cha mkia, nakusihi, wewe uliyezoea kukaa na ukuta. Nitakwambia kwa nini, lakini mezani usiwasimulie.

Juzi nimekaa chumbani, nataka kukata uzi kwenye gauni. Nikakibonyeza bila kuangalia. Tak, kwa nguvu, kama mtu aliyegonga mlango. Nikasema, "Karibu!" Nikaweka gauni pembeni, nikainuka, nimeshafika katikati ya chumba ndipo nikaona kisu kimefunguka mkononi mwangu.

Dada yako