Aline na Mshale wa Chini

Jumatatu, 4 Juni

Nimemenya ndizi, nimekiogesha kitoto, nimekibeba mgongoni. Mama yake hana nafasi. Aline, mke wa mjukuu wangu Espoir, anamaliza kitabu chake cha chuo, juu ya wamama wanaolima mpunga Bugarama. Kile kibao cha kusogezea kidole kwenye mashine yake, kompyuta, kilikufa, mtoto alikimwagia uji. Sasa anashuka kwa kitufe cha mshale wa chini. Tu, tu, tu. Kurasa zaidi ya mia. Akiongeza jina la kitabu alichosoma kule mwisho, anapanda tena kwa mshale wa juu mpaka katikati. Ijumaa mwalimu anafunga kupokea. Asipopeleka, mwaka umekwenda.

Kidole chake kimevimba.

Jumanne, 5 Juni

Bado mshale. Espoir kwenye kiti, anatazama mpira kwenye simu. Kazi yake ni kupigia watu maandishi kwa mashine, kule sokoni Kamembe. Aline akamuuliza kama hakuna njia ya mkato. Akasema mashine ni nzee, haina. Hakuinua hata macho.

Nilimwamini. Ni damu yangu, mimi ni koko yake, bibi aliyemlea.

Jumatano, 6 Juni

Pff! Nimeingia kazini kwa Espoir kupumzisha miguu. Alikuwa na kazi ya muntu mmoja, ndefu kama ya Aline. Mashine yake nzee kuliko yetu, herufi zimefutika. Akabonyeza vitufe viwili, akafika mwisho. Viwili vingine, mwanzo. Nikamwambia nionyeshe. Ctrl na Fin, mwisho. Ctrl na F, unaandika neno, inakupeleka lilipo. Alifurahi kunifundisha, mpumbavu.

Nikauliza: "Na Aline?"

Akaacha kubonyeza. Kisha: "Koko, akimaliza ataitwa kazi Kigali. Atanitakia nini mimi, mupiga mashine wa sokoni?"

Anamtazama mke wake akivimba kidole, na dawa anayo yeye. Huyu nilimtafunia nyama kwa meno yangu. Nimetema mate. Si juu yake. Karibu.

Shule sikukanyaga, herufi nilifundishwa uzeeni na wamama wa kanisa. Nimezishika njia nzima: C, t, r, l. Nyumbani nikabonyeza mwenyewe mbele ya Aline. Kurasa zikaruka. Akapiga kelele, akanikumbatia, kisha akauliza nani kanifundisha. Kudanganya sijui. Nimesema yote.

Alhamisi, 7 Juni

Aline hasemi naye. Anafanya kazi tu, anaruka huku na huku kwenye kitabu chake, uso kama jiwe. Espoir ameleta souri mpya, kile kipanya cha mashine, ameiweka mezani. Haikuguswa. Naona haya kwa ajili yake, halafu hasira inarudi. Kumfunga mke miguu ili asitoke! Nimemwambia mbele ya majirani: wivu wako unanuka. Amelia. Hata machozi yake yamenichukiza.

Ijumaa, 8 Juni

Aline amepanda basi la chuoni alfajiri, kitabu kifuani. Ametuma ujumbe: kimepokelewa. Analala kwa dada yake. Yeye na Espoir wataongea akirudi, hakusema watasema nini.

Espoir amesoma ujumbe mara nyingi. Amefua nepi bila kutumwa, amekilaza kitoto. Mvua inakuja toka upande wa ziwa.

Bado ananichukiza. Nimempakulia ugali wa fufu, nimeongeza samaki wadogo, sambaza, nimekaa pembeni mpaka akamaliza.