Sentensi ya Atu Kuhusu Mama Yake

Dada Tusa,

Hapa Uyole baridi imeanza, na viazi mwaka huu vimekubali. Baada ya matanga shemeji aliona Atu akae kwangu kwanza, nikatoka naye Iringa. Anasoma shule ya hapa jirani. Anakula vizuri. Jina lako alikuwa halitaji kabisa, nami sikumlazimisha.

Wiki iliyopita walipewa kazi ya Kiingereza, waandike watu wa nyumbani wanafanya nini sasa hivi. Akanifuata jikoni. Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe shambani kwa baba: "I" inachukua "am", mtu mmoja "is", wengi "are", kisha kitenzi kinamalizia na "ing". Unakumbuka? Uliniuliza nafanya nini na jembe, nikajibu, "I digging." Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Neema, 'am' umemwacha wapi?"

Atu naye akasema, "Aunt peeling potatoes." Nikamuuliza "is" amemwacha wapi. Akacheka, dada. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu tukuzike.

Kesho yake alirudi na vema kwenye kila sentensi. Ya mwisho ilisema, "My mother is teaching in Iringa." Mwalimu wake hajui habari zetu. Atu akasimama mlangoni, akasema taratibu, "Mama mdogo, mwalimu kasema ni sahihi. Lakini mama hafundishi."

Nikaweka kisu chini. Nilimwambia sentensi ameiunda vizuri, ila ni ya jambo linaloendelea sasa, na la mama limeshapita. Akauliza basi isemweje. Nilitaka kumwambia aiache tu. Nikamwambia, "Weka 'was'."

Akafuta mwenyewe, akaandika, halafu akanilalia mapajani akalia. Nami nililia. Viazi viliungua, tukanywa chai na mkate.

Tangu siku hiyo anakutaja. Jana alikuwa anamsimulia mume wangu ulivyokuwa unasahihisha madaftari huku unatafuna karanga, maganda yanabaki kwenye kurasa za watoto wa watu. Tulicheka wote.

Lala salama, dada yangu. Atu nitamlea kama niliyemzaa, na habari zako sitamficha hata moja. Shule zikifunga namleta Iringa kwenye kaburi lako. Ameniomba mwenyewe.

Mdogo wako,
Neema