Mikarafuu ya Kinole na Utani wa Jumamosi

Binamu Shabani,

Barua hii naiweka kwenye kundi letu la kusoma vitabu kwa simu, mahali ambapo sasa hupo, kwa sababu nilikukosea mbele ya watu wa humu humu. Ningekuandikia peke yako ungeisoma, ungesema "haya", na yangeisha hapo, huku wenzetu wakiendelea kudhani ulijitoa kwa kukosa bando. Mmoja alisema biashara ya mahindi huko Gairo imekubana. Sikumsahihisha. Namba yako iko kwa Mwalimu Pius anayetuongoza humu, na nimemwomba akufikishie barua hii akiona inafaa. Simu zangu hupokei tangu wiki ile.

Wasiotujua wajue hili kwanza: baba yako alikuwa kaka wa mama yangu. Wewe ulimwita mama yangu shangazi, mimi nilimwita baba yako mjomba, na kwetu Waluguru watoto wa namna hiyo ni watani tangu wanapoanza kusema. Unaweza kumwita mtani wako mwizi mbele ya wakwe zake na bado mkala sahani moja. Mtani hanuni. Nimeiamini kanuni hiyo maisha yangu yote, na imenirahisishia mambo mengi.

Unakumbuka tulivyoanza kusoma. Ilikuwa Kinole, alasiri, tukichambua karafuu kwenye majamvi uani kwa mjomba. Kitabu kilitoka kwa rafiki yako wa parokiani, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo hatumjui aliyekiandika. Kilizungumzia watawala na raia, nani amtii nani na kwa sababu gani. Wewe ulisoma kwa sauti kwa kuwa ulikuwa umenitangulia madarasa mawili, mimi niling'oa vikonyo, na mjomba alisikiliza amefumba macho kama mtu anayesinzia. Halafu aliuliza, "Huyo anayewapanga wenzake namna ya kuishi, yeye analima wapi?" Uliniambia pembeni kwamba labda jibu lilikuwa kwenye kurasa zilizochanika, na ulisema kwa dhati kabisa.

Ni wewe pia uliyenileta humu. Ulinipigia nikiwa dukani Mafiga, napima mbegu za mchicha. "Binamu, kuna watu wanasoma vitabu kwa simu," ulisema. "Wanabishana kama walevi, ila wamekunywa chai." Nilikwambia sina muda. Jumamosi iliyofuata, saa kumi, nilikuwa nimejiegemeza kwenye magunia ya mbolea nikimsikiliza Mwalimu Pius akitueleza kutoka kwake Mazimbu kwamba hapa haongei mtu kabla hajataja ukurasa. Nilipenda utaratibu huo. Dukani watu huongea bila kutaja ukurasa wowote.

Nikiri kwamba hii imekuwa starehe yangu kubwa kuliko zote. Tumesoma michezo ya kuigiza ya watu wa zamani sana, tumesoma wanaotetea wafalme na wanaotaka wafalme wang'olewe, na kila mara sauti yako ilikuja na kelele za malori ya barabara ya Dodoma nyuma yake. Ulikuwa huongei sana. Ukiongea, watu walinyamaza. Nilijivuna, nikawaambia huyo ni mtani wangu, kwa namna ambayo wengine humsifia mume.

Sasa ile Jumamosi.

Tulikuwa kwenye sura ya mali. Mwandishi alikuwa anadai kwamba ardhi inakuwa yako ukichanganya jasho lako nayo, na Mwalimu akauliza kama sisi tunakubali. Nilikuwa wa kwanza. Nilitaja ukurasa, nikapinga. Nikasema kwetu shamba ni la lukolo, yaani ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Anayelima ni mtunzaji tu. Nilieleza vizuri. Watu waliweka vidole gumba.

Ukafungua maiki wewe. Nakumbuka maneno yako kwa sababu nimeyarudia sana tangu siku ile. "Mikarafuu ya pale Kinole niliichimbia mashimo mimi na baba," ulisema. "Kiangazi nilipandisha maji kichwani kutoka mtoni, mti mmoja mmoja. Siku ya arobaini ya baba niliambiwa nichume msimu ule, kisha nishuke mlimani, shamba niliache. Sijui mwandishi angesema nini. Mimi iliniuma, na bado inaniuma."

Nami nikacheka. Nikasema, "Jamani, huyu msimsikilize. Watu wa Matombo hawa, alikuja kwetu na jembe la kuazima, leo anataka na mlima."

Kundi zima lilicheka. Mwalimu mwenyewe alicheka, maana nilishawazoesha kwamba sisi ni watani. Ukasema, "Haya, binamu," ukazima maiki. Jumapili asubuhi nilipofungua simu nikakuta mstari mdogo wa kijivu unasema umejitoa.

Kwa siku kadhaa nilikasirika. Nilijiambia umesahau mila, umekaa mno na watu wa barabarani, huwezi tena utani. Nilijikumbusha msiba wa mjomba, nilivyovaa kofia yake na kutembea kama yeye, mkono mgongoni, nikiwakaripia wachimba kaburi kwamba shimo limepinda. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka hujala tangu jana yake, na ulicheka mpaka ukalia, kisha ukaomba uji. Siku ile utani ulifanya kazi yake. Nilitaka kuamini kwamba na Jumamosi ile ulikuwa utani huo huo.

Haukuwa. Kwenye msiba nilikuwa nakubebea mzigo wako. Kundini nilikuwa nalinda wangu.

Niseme basi ambalo wenzetu hawalijui. Shamba lile waliponyang'anywa watoto wa mjomba, nilipewa mimi. Mtunzaji niliyemtetea kwa ufasaha vile nilikuwa mimi mwenyewe, na sikutaja. Baada ya kisomo cha arobaini wazee wa ukoo walikaa uani, wakasema wewe ni mtoto wa watu, ukoo wako ni wa mama yako, ukatafute huko Matombo. Kisha wakanigeukia, wakaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Nilijua ni mti upi ulipandwa lini, na nilijua ni mabega ya nani yaliyopandisha yale maji. Nikasema sina neno. Ulikuwa umesimama karibu na jiko, umeshika bilauri, na ulinitazama kidogo tu.

Jioni ile ile nikakutania kuhusu kuhamia Gairo, kwamba utarudi unanuka karanga. Ulinijibu vizuri, tukacheka. Nikalala nikiamini tumemalizana. Miaka yote hii nimekutania kila tulipokaribia kulizungumza, nawe ulinipisha kila mara kwa kuwa ulilelewa vizuri. Ulingoja mahali ambapo mtu hutaja ukurasa kabla ya kuongea, ukadhani hapo nitakusikia. Naona aibu, Shabani. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mila yenyewe siitupi. Baba yangu alipotuacha, mama alikuwa na pa kurudi kwa sababu ardhi yetu haifuati upande wa baba. Mjomba alimpokea, akamwonyesha mpaka, na hakuna mtu aliyemsimanga. Nimekula kwa mila hiyo. Kitabu chenu cha jasho kingetuacha mimi na mama barabarani, na nililisema hilo kundini na bado nalisema. Lakini wazee wetu hao hao huachia mtu miti aliyoipanda, hata kama udongo si wake. Ningewakumbusha siku ile, pengine wangekubali. Ilihitaji mtu wa ndani wa kulisema, na mtu wa ndani nilikuwa mimi.

Wiki iliyopita nilifunga duka, nikapanda Kinole. Mikarafuu imebeba. Pilipili manga uliyoiotesha shinani imefika juu kuliko ninavyoweza kufikia, na mlinzi niliyemweka anailalamikia kwamba imemzidi. Ile miwili ya mwisho karibu na korongo imeinama kidogo, naona ulikuwa umechoka ulipoipanda. Nilikaa pale muda mrefu. Sikuwaza jambo kubwa. Niliwaza kwamba nakula matunda ya mtu ambaye yu hai, ana simu, na hataki kusema nami.

Kwa hiyo nasema, mbele ya wote wanaosoma. Udongo wa shamba lile ni wa ukoo na nitamwachia binti yangu. Mikarafuu na pilipili ni yako, wewe Shabani, mwaka huu na yote ijayo, na ya watoto wako baada yako. Njoo uchume. Mlinzi nimeshamwambia.

Wazee sijawaambia. Wakisikia nimegawa mali ya Kinole bila kikao wana haki ya kunivua shamba na kumpa mdogo wangu, na wapo wawili watakaofurahi sana. Najua barua hii itawafikia kabla yangu, maana kati yenu humu yuko mjukuu wa mmoja wao. Nimelifikiria hilo, na nimeiweka hapa makusudi. Ningeenda kwao kwanza wangeniuliza kwa upole kama nina uhakika, na mimi najijua.

Hulazimiki kurudi kundini, ingawa kiti chako kipo na Mwalimu anakuulizia kila Jumamosi. Hulazimiki hata kunituliza moyo. Nisimange ukitaka, nitasikiliza mpaka mwisho na sitakatiza. Ila nakuomba jambo moja, binamu. Unijibu kwa maneno yako ya kweli, hata yakiwa mabaya. Ukinijibu kwa utani, nitajua hujanisamehe.

Ni mimi, mtoto wa shangazi yako,

Mwanaidi
Mafiga