Mama, Epua Ile Sufuria

Alunguli, Kindu

Shemeji Saleh, wewe ndiye unayemsomea Mama barua zangu. Leo usianze na salamu. Nenda kwanza jikoni ukaitoe ile sufuria niliyomtumia, na kama ina chakula, kimwage shimoni, hata kuku wasipewe. Kisha rudi, ukae, umsomee.

Mama yangu mpenzi, asalaam alaikum. Najua unasema, mtoto gani huyu anaanza na sufuria kabla ya kumjulia hali mama yake? Nisamehe. Mgongo umepoa? Wote nyumbani wazima? Mimi mwili haujambo, lakini tangu Jumatatu moyo hautulii.

Kazi yetu kwa Fundi Ramazani nilikueleza. Wenye nyumba kubwa kule Kalima wana pano, vile vioo vya juu ya paa vinavyokula jua na kuwasha taa. Zikichoka wanatuletea pamoja na betri zake. Sisi tunavunja. Kioo kinakwenda kwa maseremala, fremu tunaiyeyusha tunatengeneza sufuria, na risasi ya ndani ya betri, yale madini mazito laini, wanaichukua wavuvi kwa nyavu zao. Hapa hakitupwi kitu. Nilikuwa najisifu kwa hilo, na wewe unanijua nikianza kujisifu.

Sufuria yako ilikuwa ya kwanza kutoka mikononi mwangu, na kwa mafundi kazi ya kwanza ni ya mama. Lakini ilitoka na vitundu vinne kwenye kitako. Niliona haya kuirudisha motoni mbele ya wenzangu. Basi nikayeyusha kipande cha risasi ya betri, nikaziba, nikagonga, nikasugua kwa mchanga mpaka ikang'aa. Nikaijaza maji, halikuvuja hata tone. Fundi ndiye aliyenifundisha kuziba hivyo. Hata sufuria ya mkewe aliiziba vilevile.

Fundi ana binti, Mwajuma, kitinda mimba wake, wa miaka mitatu. Kwa miezi alikuwa analia tumbo, tukasema minyoo. Jumatatu adhuhuri alianguka hapa uani, macho yakageuka, mwili ukakakamaa kama ukuni. Mama yake akapiga yowe, degedege! Jirani mmoja akaja mbio na kinyesi cha tembo cha kumfukizia. Fundi hakungoja. Alimbeba mtoto hadi mtumbwini, mimi na mkewe nyuma yake, tukavuka mto hadi hospitali.

Daktari alimpima mtoto, kisha akaitazama mikono ya Fundi.

“Baba, unatumikaka kazi gani?”

“Tunavunjaka pano na batri. Tunatengenezaka sufuria.”

“Na huyu mutoto, munamupikia mu nini?”

Mama Mwajuma ndiye aliyejibu, tena kwa fahari. “Mu sufuria ya bwana yangu! Ilikuwa na matundu, akaniziba muzuri na risasi ya batri. Haivuje hata kidogo.”

Daktari alishika kichwa. “Mama, hiyo njo sumu! Kila siku inatoka kidogo kidogo mu chakula, na kama munatia ndimu inatoka zaidi. Munalisha mutoto risasi!”

Mama, nilikaa chini palepale. Niliuona uji wako wa ndimu. Niliikumbuka barua yako ya mwisho, kwamba Asha wa dada Zaina, anayekunywa uji huo kwako, analia tumbo, amepauka, hataki kucheza na wenzake. Niliposoma maneno hayo nilicheka, nikasema anadeka. Nilicheka, Mama.

Mwajuma yuko hai. Lakini hajasema neno tangu siku ile, na mama yake anamtazama kama anayetazama mgeni. Fundi, mtu wa utani hata matangani, anashinda kwenye mlango wa hospitali. Ameniambia neno moja tu: “Miye njo nilikufundisha.”

Sasa nisikilize. Usiitupe sufuria jalalani. Nawajua watu wetu, kabla jua halijazama itakuwa mekoni kwa mwingine. Wala usimpe mhunzi, ataiyeyusha irudi sokoni. Saleh aipasue kwa shoka mpaka isifanane na chombo, avifunge vipande kwenye gunia, na dereva aliyeleta barua hii anirudishie. Nitaviweka pamoja na betri zetu, ambazo Fundi amezifunika mabati na hataki mtu aziguse. Nilimuuliza daktari tuzipeleke wapi. Alisema hapa Kindu hakuna pa kuzipeleka.

Uliniandikia kwamba kila maulidi na kila matanga wanakuazima sufuria ya mwanao. Wote walioazima waambie. Waambie ni mimi. Wakinitukana, waache wanitukane.

Asha apelekwe zahanati leo, hata kama ni siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kijiji. Mpelekeni, na chifu akiuliza nitalipia mimi adhabu. Muuguzi aambiwe wazi kwamba mtoto amekula risasi.

Nisalimie mjomba wangu muadhini, na shangazi muuza mchele. Dada Zaina sijui nimwambie nini. Nimeandika jina lake mara tatu nikafuta.

Saleh, ukimaliza kusoma, geuza karatasi hii uandike hali ya Asha, umpe dereva kabla hajawasha gari. Usiandike yuko vizuri kwa kunionea huruma. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kila lori litakalotoka upande wenu litanikuta barabarani.

Mwanao, aliyeyaziba yale matundu kwa mkono wake,

Assani