Popo wa Darasani

Garissa, 12 Machi 1996

Kwako Rage, mume wangu,

Assalamu alaykum. Mvua imenyesha, na mama yako hajambo.

Wallahi nimeingiwa na kinyaa. Huko Nairobi uliandika kwamba popo wa dari ya darasa langu hula matunda, bila kumshika hata mmoja. Wenye miembe ya mtoni wakasikia, wakaja kuwachoma. Nimeizoa mizoga mwenyewe, inanuka mpaka sasa mikononi. Mkia umechomoza nje ya ngozi ya mabawa, macho madogo kama ufuta, na kwenye vijino vya sindano kumenasa mabaki ya wadudu. Embe gani hapo? Sahihisha ulichoandika.

Na jina la Abdiwahab ulilomtumia mtoto wetu bila kuuliza, lichukue. Ni msichana.

Mkeo, mpaka sasa,
Safiyo